Shata ya dirisha inasumbua? Shika bisibisi kabla ya randa

Karibu kila anayelalamika kuhusu shata, yaani kifuniko cha dirisha cha mbao au chuma, huanza kwa kutaja mahali inapogusa: inakwaruza kizingiti, komeo halifiki tunduni, shata mbili zinapandana katikati. Halafu anatafuta randa. Lakini hapo panapogusa pana dalili tu. Chanzo mara nyingi kiko upande wa pili, juu, kwenye bawaba ambayo hakuna aliyeitazama tangu siku ilipofungwa. Shata imeshikwa upande mmoja, upande mwingine unaning'inia hewani. Bawaba zikiwa zimeachana sentimita 40 na shata ina upana wa sentimita 60, bawaba ya juu ikiachia milimita 2 tu, kona ya mbali hushuka milimita 3. Pengine hiyo ndiyo nafasi yote uliyokuwa umeiacha chini.

Haya ni maelezo ya shata zinazofunguka kwa bawaba, ziwe za mbao au za chuma. Shata za kujikunja kwenye roli ni habari nyingine: ndani ya kasha lake mara nyingi kuna springi iliyokazwa inayoweza kuvunja mkono, na hiyo mwachie fundi wake.

Kipimo cha kuanzia: inua

Fungua shata nusu. Shika kona ya chini ya upande usio na bawaba, uinue taratibu kwa sentimita moja hivi, huku mtu mwingine akitazama bawaba ya juu kwa karibu. Tazama ni kitu gani kinachocheza.

- Bamba la bawaba likiachana na fremu au na shata, tatizo ni skrubu.
- Bamba likitulia lakini pini ikacheza ndani ya tundu lake, bawaba imeliwa.
- Bawaba ikitulia kabisa na badala yake kiungo cha mbao kwenye kona ya shata kikafunguka, shata yenyewe ndiyo imeachia.
- Bawaba ikisogea pamoja na kipande cha plasta au tofali, hapo ni ukuta.
- Kisipocheza chochote, hapo tu ndipo unapoweza kuanza kushuku unyevu, rangi au vipimo vibaya vya tangu mwanzo.

Kazi hii haichukui hata dakika mbili. Mimi mwenyewe niliwahi kuiruka, nikaranda shata upande wa chini mpaka ikafunga vizuri. Miezi michache baadaye nilipokaza bawaba ya juu, shata ilirudi mahali pake na kuacha mwanya chini ambao mjusi alipita bila kuinama. Mbao ikisharandwa hairudi.

Dalili: shata imeinama, inakwaruza chini

Sababu inayoongoza ni skrubu zilizolegea kwenye bawaba ya juu. Ni ya juu kwa sababu uzito wa shata huivuta bawaba hiyo itoke kwenye fremu, wakati ya chini inasukumwa ndani. Mvuto huo unahesabika: zidisha uzito wa shata kwa nusu ya upana wake, ugawanye kwa umbali kati ya bawaba. Shata ya kilo 15 yenye upana wa sentimita 60, bawaba zikiwa zimeachana sentimita 90, inaivuta bawaba ya juu kwa kama kilo 5. Shata ileile, bawaba zikiwa zimesogezwa mpaka sentimita 30, mvuto unakuwa kilo 15. Ndiyo maana wakati wa kufunga, bawaba huwekwa karibu na ncha za juu na chini kadiri mbao inavyoruhusu. Kuziweka karibukaribu ni kujitafutia kazi.

Kaza kwa bisibisi ya mkono, usitumie mashine. Skrubu ikikaza na kugoma, umemaliza. Ikizunguka bila kukaza, tundu limechoka. Dawa ya kwanza ni skrubu yenye unene uleule lakini ndefu zaidi, ifike mbao ambayo haijaguswa. Hakikisha tu kichwa chake kinakaa sawa kwenye shimo la bamba. Kama mbao haina kina cha kutosha, toboa tundu upya kwa milimita 8 au 10, gongea kijiti cha mbao ngumu chenye gundi ya kustahimili maji, kiache kikauke hadi kesho yake, kisha utoboe tundu jipya dogo katikati. Njiti za kiberiti zenye gundi zinafaa kwa shata ndogo ya ndani. Kwa shata ya nje inayopigwa na upepo ni kuahirisha tu.

Sababu ya pili ni bawaba ndogo kuliko mzigo. Shata ikizidi urefu wa mita 1.2 hivi, au ikiwa ya mbao nzito, bawaba ya tatu inastahili. Itasaidia kubeba, lakini zaidi itazuia shata isijipinde katikati. Mistari ya pini zote tatu lazima iwe kwenye timazi moja, la sivyo ya katikati itapigana na wenzake na utakuwa umejinunulia tatizo la tatu.

Ya tatu ni pini iliyoliwa. Hapa hakuna kukaza. Badilisha bawaba zote za shata hiyo kwa pamoja. Washa (kipete bapa) nyembamba ya shaba au nailoni chini ya kifundo, pale bawaba inapozunguka pini, huinua shata milimita moja au mbili, na kwa bawaba ya mkanda (bamba refu linalolala juu ya shata) inayokalia pini ya ukutani huo ni ukarabati halali kabisa.

Ya nne ni viungo vya shata yenyewe. Pima ulalo kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3 au 4, shata imekwenda mshazari. Ishushe, safisha viungo, tia gundi, bana mpaka ulalo ulingane. Shata ya mbao zilizopangwa wima zenye mkingamo wa mshazari nyuma ina siri moja: mguu wa mkingamo huo lazima uanzie chini upande wa bawaba, kisha mkingamo uende juu hadi upande wa mbali. Hapo unasukuma uzito kuelekea kwenye bawaba. Ukigeuzwa, unabaki kuwa pambo.

Unaposhusha shata, weka kabari chini yake kwanza, fungua bawaba ya chini, ya juu iwe ya mwisho, na mwe wawili. *Acha hapo na uite fundi* kama shata ni ya ghorofani na inafunguliwa kwa nje, kama ni ya chuma isiyoinuliwa na mtu mmoja, au kama bisibisi bapa inazama kwenye mbao ya fremu bila nguvu. Mbao inayopokea bisibisi hivyo imeoza au imeliwa na mchwa, na hakuna skrubu itakayoishika.

Dalili: haifunguki mpaka ilale ukutani

Hili huonekana siku ya kwanza kabisa, na karibu kila mara kosa lilifanyika wakati wa kununua. Mtu amepima urefu na upana wa dirisha, akachagua bawaba kwa sura. Kipimo kilichosahauliwa ni kina: shata ikiwa imefungwa, uso wake wa nje uko ndani ya uso wa ukuta kwa kiasi gani?

Shata inapozunguka nusu duara, pini ndiyo katikati ya duara hilo. Kwa hiyo pini lazima ijitokeze mbele ya uso wa shata angalau kwa nusu ya kina hicho. Tuseme uso wa shata uko milimita 60 ndani. Pini ikijitokeza milimita 30, shata ikifunguliwa itagusana na ukuta kavukavu. Ukitaka mwanya wa milimita 20 nyuma yake, kwa ajili ya hewa na kishikizo (kile kinachoishika shata ikiwa wazi), jumlisha 60 na 20, gawanya kwa 2: unahitaji bawaba inayojitokeza milimita 40. Bawaba za kawaida za mlango, zile za mabamba mawili yanayokunjana, zinajitokeza milimita chache tu. Zitaigonganisha shata na kona ya ukuta na ukilazimisha zitang'oa skrubu, maana shata inageuka mtaimbo.

Kabla ya kununua, chora kwenye karatasi umbo la ukuta, fremu na shata kama unavyoviona ukiwa juu, kwa ukubwa halisi. Kata kipande cha karatasi kiwe shata, kichome pini ya kushonea pale pini ya bawaba itakapokuwa, ukizungushe. Karatasi itakuonyesha kila kitakachogongwa, pamoja na urembo wa plasta kuzunguka dirisha na bomba la maji ya mvua.

Kama bawaba zimeshafungwa, angalia kwanza vitu vyepesi: ukingo wa kizingiti unaojitokeza, kishikizo kilichowekwa karibu mno na bawaba, kichwa cha skrubu kilichobaki nje. Visipokuwepo, pakia kipande cha mbao ngumu au bamba nyuma ya bawaba ya upande wa fremu ili pini isogee nje. Kumbuka tu kwamba kila milimita unayopakia inaisogeza pia shata inapofungwa, nayo haitakaa tena ndani kama mwanzo. Mara nyingi ni nafuu kukubali kosa na kununua bawaba sahihi.

Dalili: inabana, haifungi bila kusukumwa

Jiulize ilianza lini. Ikibana msimu wa mvua na kulegea kiangazi, mbao inavimba. Mbao hutanuka kwa upana, karibu haitanuki kwa urefu, kwa hiyo itabana kwenye miimo (nguzo za pembeni za fremu) na pale shata mbili zinapokutana, si juu na chini. Ikibana juu au chini tu, rudi kwenye kipimo cha kuinua.

Sababu nyingine ya mara kwa mara ni rangi. Tabaka nne au tano za rangi kwenye kingo mbili zinakula nafasi yote. Paka chaki kwenye ukingo wa shata, funga, fungua, utazame chaki imehamia wapi kwenye mwimo. Hapo ndipo pa kukwangua. Kwenye jengo la zamani usipige msasa mkavu wala kuichoma: rangi za kale zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi. Kuna mafundi wenye vifaa vya kazi hiyo.

Sababu ya tatu huwachanganya wengi: shata haigusi popote, lakini ukikaribia kuifunga inasukuma nyuma kama ina springi. Bawaba imezamishwa mno kwenye mbao, au kichwa cha skrubu kimechomoza na kinazuia mabamba yasikutane. Angalia vichwa kwanza. Vikiwa sawa, weka kipande cha plastiki nyembamba nyuma ya bamba, milimita moja kwa wakati, mpaka shata ifunge bila kinyongo.

Ukiridhika kwamba ni mbao iliyovimba kweli, randa kidogo, na uache mwanya wa kama milimita 3 kila upande. Usirande sana wakati mbao imelewa maji, maana ikikauka utaona mchana kupitia pembeni. Ukingo uliorandwa upakwe rangi au vanishi siku hiyohiyo, hasa ncha za juu na chini. Ncha za mbao hunywa maji kuliko uso wake, na ndizo mafundi wengi wavivu huziacha bila rangi kwa sababu hazionekani.

Dalili: inajifungua au kujifunga yenyewe

Pini hazipo kwenye mstari mmoja wa wima. Ning'iniza timazi kutoka pini ya juu, uone uzi unapita wapi kwenye ya chini. Sogeza ile iliyopotoka. Wapo wanaopinda pini kidogo kwa nyundo ili iwe ngumu kuzunguka. Kwa mlango wa chumbani sawa, kwa shata ya nje hapana, pini iliyopinda itajila yenyewe.

Dalili: inagongagonga upepo ukivuma

Hii isiwe ya kuahirisha. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Upepo wa mita 10 kwa sekunde husukuma kila mita moja ya mraba kwa kama kilo 6. Wa mita 20 kwa sekunde, kama kilo 25. Na shata inayogonga haisukumwi tu, inapigwa, tena na tena, na kila pigo linafika kwenye skrubu.

Anza na kishikizo cha ukutani, kile kinachoizuia ikiwa wazi. Kama ni cha kuzungushwa, kinalegea na kugeuka chenyewe: kaza nati yake au weka washa ya springi. Kisha tazama kilipo. Kishikizo kiwe karibu na ukingo wa mbali wa shata. Kikiwekwa katikati, nusu ya nje inabaki kupepesuka. Ndoano na pete ni rahisi na zinafaa, ila ndoano lazima iingie kwa kubana kidogo. Ikicheza milimita 5, hizo ndizo kelele zako za usiku. Ikunje kidogo, au sogeza pete.

Ikigonga ikiwa imefungwa, kwa kawaida ina komeo moja tu, la chini. Shata ndefu inataka komeo juu na chini, au fito moja ndefu ya kuzunguka inayofunga ncha zote mbili kwa mkono mmoja. Vipande vya mpira kwenye mwimo humaliza mtetemo uliobaki. Mpira pekee bila komeo la pili haumalizi kitu.

Usijaribu kuikamata shata inayopigwa na dhoruba ukiwa umeinama dirishani. Funga kioo, subiri.

Dalili: komeo haliingii tunduni

Inua shata kwa mkono ukijaribu komeo. Likiingia, tatizo ni kuinama, na komeo halina kosa. Lisipoingia, paka ncha yake mkaa au chaki, sukuma, uone alama inatua wapi. Kisha sogeza bamba la tundu lifuate alama. Kulitanua tundu kwa tupa kunafaa kwa milimita moja au mbili tu. Zaidi ya hapo shata itacheza, na tumeshaona kinachofuata.

Dalili: skrubu zinakatika, au plagi inatoka na vumbi

Skrubu inakatika kwa sababu tundu la kuanzia halikutobolewa au lilikuwa jembamba. Kwa skrubu ya milimita 5, toboa kama milimita 3, na 3.5 kwenye mbao ngumu. Sabuni au nta kwenye nyuzi za skrubu hupunguza msuguano. Za brasi ni laini mno: ingiza kwanza ya chuma yenye saizi ileile ikachonge njia, itoe, ndipo uweke ya brasi.

Ukutani, sababu ya kwanza ni plagi (kidude cha plastiki kinachoshikilia skrubu ndani ya ukuta) iliyowekwa kwenye plasta badala ya tofali. Plasta ya sentimita 2 haishikilii shata. Plagi yote iwe ndani ya tofali, na skrubu iongezewe urefu wa plasta. Ya pili ni tundu lililopanuka kwa sababu biti ilikuwa ikiyumba. Ya tatu ni tofali lenye matundu ndani: drili ikiwa kwenye mapigo huvunja kuta zake nyembamba, kwa hiyo zima mapigo, toboa polepole, na tumia plagi ndefu za kujikunja zilizokusudiwa matofali hayo.

Pini za ukutani zinazobeba bawaba za mkanda zinakaa karibu na kona ya ukuta, mahali pabaya kwa nanga za kutanuka kwa sababu hupasua ukingo. Hapo resini ya kushikia vyuma ni bora, haisukumi pembeni. Lakini inashika tofali, haishiki vumbi: piga brashi tundu, puliza, rudia, na usining'inize shata mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa uishe. Kwenye matofali ya matundu inahitaji mfuko wake wa wavu, la sivyo inamwagikia ndani yote.

Ukiona ufa unaoanzia kwenye nanga, au unapotaka kutoboa karibu na soketi, swichi au taa ya nje, weka drili chini. Ufa ni wa mwashi, nyaya ni za fundi umeme.

Dalili: kutu na michirizi ukutani

Mara nyingi ni vifaa vya ndani vilivyotumika nje. Chuma chenye mng'ao wa zinki nyembamba na kile kilichochovywa kwenye zinki ya moto vinafanana kwa jina, maisha yake hayafanani. Cha kuchovya kina rangi ya kijivu isiyong'aa na tabaka nene. Karibu na bahari chagua chuma cha pua daraja la 316, ambalo lina molibdenamu ya kupambana na chumvi. La 304 huko hushika madoa ya kahawia.

Halafu kuna kuchanganya metali. Skrubu za zinki kwenye bawaba kubwa ya chuma cha pua zitaliwa haraka palipo na unyevu, kwa sababu zinki hujitoa mhanga. Bawaba na skrubu ziwe za familia moja. Mbao zenye tanini nyingi, kama mwaloni, hugeuka nyeusi kuzunguka chuma cha kawaida. Hapo chuma cha pua ndicho jibu.

Kutu ya juujuu: brashi, rangi ya kuzuia kutu, rangi ya kumalizia. Kutu iliyopunguza unene wa pini: badilisha, usipake.

Dalili ndogondogo

Bawaba inalia: safisha vumbi, tia grafiti au grisi kidogo. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Luva (vibao vyembamba vya shata vinavyogeuzwa) zinazoanguka zenyewe: tafuta skrubu ya kukazia ubavuni mwa shata, zungusha robo kwa wakati. Isipokuwepo, pini za luva zimechakaa na itabidi shata ifunguliwe.

Kabla ya kufunga vifaa vipya

Bawaba zenye pini inayoonekana nje zinaweza kugongwa pini ikatoka. Chagua zenye pini isiyochomoka, na mkanda wa bawaba ufungwe kwa bolti zenye kichwa laini nje na nati ndani. Dirisha la chumba cha kulala liwe na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, gizani, kwa mkono wa mtu yeyote anayelala humo. Lijaribu usiku mmoja, taa zikiwa zimezimwa. Likikushinda, komeo hilo lirudi dukani kabla halijafungwa.